Shajara ya mradi: MiG-15 ya povu, mita moja kwa mita moja

Jumamosi, 11 Januari

Nimeanza rasmi leo. Miaka mingi nilikuwa natamani nitengeneze ndege moja tu lakini niitengeneze vizuri, na nimechagua MiG-15, ndege ya kivita ya Wasovieti ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Sinunui ile ya kuunganisha ya dukani, naichonga mwenyewe kwa lile povu jeupe gumu la kwenye maboksi ya tivii na friji, plaiwudi ya milimita 3, na gundi ya mbao. Injini haitakuwa nayo. Itarushwa kwa mipira ya manati iliyokatwa kwenye tyubu ya pikipiki na itaelea yenyewe kwenye uwanja wa mpira wa shule hapa Morogoro.

Kipimo nimechukua 1 kwa 10 na sababu ni nzuri tu. MiG-15bis, toleo lililoboreshwa ambalo ndilo ninalochonga, ina upana wa mita 10.08 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na urefu wake nao ni kama mita 10.1 hivi, yaani ndege nzima unaweza kuiweka kwenye boksi la mraba. Yangu itakuwa sentimita 100.8 kwa karibu 101. Hesabu rahisi, rula moja inatosha.

Mchoro nimeprinti steshenari vipande vipande vya A4 halafu nikaunganisha kwa selotepu sakafuni. Nikapima upana nikapata sentimita 97 na kitu. Nikarudi kuangalia, kumbe mashine ilikuwa inapunguza kila ukurasa ili uenee kwenye karatasi, ile alama haikuondolewa. Bora nilipima kabla sijakata hata kipande kimoja. Nimeprinti upya asilimia 100 na sasa imekaa.

Jumapili, 19 Januari

Bodi. Nimekata mbavu 9 za duara za plaiwudi, nimezipanga kwenye ubao ulionyooka na kuanza kuvisha vipande virefu vya povu. Povu nalikata kwa waya wa moto, waya mwembamba niliounga kwenye betri ya zamani ya pikipiki, unapita kama kisu kwenye siagi ila moshi wake ni mbaya sana, fanyeni hii kazi nje, mimi nafanyia barazani na upepo unanipitia mgongoni.

Ukiiangalia bodi ya hii ndege unajiuliza kwanini ni fupi halafu nene hivyo, kama pipa. Jibu ni injini. Mwaka 1946 Wasovieti walikuwa na wazo la ndege ya kasi lakini injini ya jeti ya kuaminika hawakuwa nayo, zile walizochukua kwa Wajerumani zilikuwa na nguvu ndogo na zinachoka haraka. Wakatuma watu Uingereza, akiwemo Artem Mikoyan mwenyewe, mmoja wa waliobuni hii ndege, na Vladimir Klimov bingwa wa injini, na serikali ya waziri mkuu Attlee ikakubali kuwauzia injini za Rolls-Royce aina ya Nene na Derwent. Nene! Ni jina la mto wa kule Uingereza, lakini kwa sisi Waswahili hakuna jina lingeifaa zaidi ya hilo, maana kweli ni nene, kipenyo chake kama mita 1.26. Sababu ni jinsi inavyofanya kazi: hewa ikiingia inakutana na gurudumu kubwa linalozunguka kwa kasi ambalo linaitupa hewa nje pembeni, kama maji yanavyoruka ukizungusha ndoo, halafu hiyo hewa iliyobanwa inaingia kwenye vyumba 9 vya kuchomea vilivyopangwa kuzunguka duara. Injini za namna hii ni imara na hazina usumbufu mwingi, ila zinakula nafasi upande wa upana. Kwahiyo bodi ikabidi iwe ya mviringo mpana kuifunika injini.

Wasovieti wakaiga wakaiita RD-45, baadaye Klimov akaiboresha ikawa VK-1 yenye msukumo wa kilo 2,700, na hiyo ndiyo iko kwenye MiG-15bis ninayochonga. Mimi nimekata duara la kadibodi la sentimita 12.6 nikalipitisha ndani ya bodi yangu kuhakikisha "injini" ingeenea. Imepita, pembeni imebaki nafasi kama ya kidole. Hiyo nafasi ndogo ndiyo imenifanya niheshimu wale waliochora hii kitu, hawakuacha hewa ya bure.

Jambo lingine, mdomo wa mbele uko wazi, hewa inaingia pale halafu inagawanyika mara mbili, inapita kushoto na kulia kwa rubani, inakutana tena nyuma yake kwenye injini. Yaani rubani amekaa katikati ya mto wa hewa. Na mkia wote nyuma ya mabawa unafunguka kwa bolti, unauvuta nyuma na injini inabaki wazi mbele ya fundi. Nimeiga na hilo, mkia wangu unachomoka kwa vijiti vinne vya mishikaki, maana najua lazima utavunjika siku moja.

Jumamosi, 1 Februari

Mabawa leo. Hapa nitaongea sana kwasababu mabawa ndiyo ndege yenyewe.

Mabawa ya MiG-15 yamelala nyuma digrii 35. Leo tumezoea, karibu kila ndege ya abiria ya jeti inayopita juu ina mabawa ya kulala, lakini miaka ya 1940 karibu ndege zote zilikuwa na mabawa yaliyonyooka kama mikono ya mtu anayezuia gari. Shida ilianza ndege zilipokaribia kasi ya sauti. Hewa ikipita juu ya mgongo wa bawa inaongeza mwendo, kwahiyo hata ndege yenyewe ikiwa bado haijafika kasi ya sauti, ile hewa ya juu ya bawa inafika, inajikusanya na kupiga mawimbi ya mshtuko, ndege inatetemeka, ukinzani unapanda ghafla, usukani unakuwa mzito au haufanyi kazi kabisa.

Mjerumani Adolf Busemann alishalitolea jibu mwaka 1935 kwenye mkutano wa wanasayansi Roma. Laza bawa nyuma. Watu hawakulitilia maanani wakati ule maana hapakuwa na injini ya kufikisha ndege kwenye hizo kasi. Mimi mwenyewe nililielewa siku nikiwa napanda njia ya Uluguru na mzigo: ukipanda mlima moja kwa moja unakata pumzi, ukipanda kwa kwenda upande upande mlima ni uleule na kimo ni kilekile, ila mwinuko unauhisi mdogo. Hewa inalionja bawa lililolala hivyohivyo. Bawa halijapungua unene ila hewa inalivuka kwa mshazari, njia inakuwa ndefu, kwahiyo inaliona kama jembamba. Kihesabu, kinacholisumbua bawa ni ile sehemu ya mwendo inayoligonga wima tu, na kwa digrii 35 ni kama asilimia 82. Ukienda kilomita 1,000 kwa saa bawa linahisi kama 820. Kwenye uhalisia faida haifiki yote hiyo, lakini inatosha kubadilisha ndege.

Vita vilipoisha mwaka 1945 makaratasi ya Wajerumani yakaangukia mikononi mwa pande zote, na Wasovieti nao walikuwa na taasisi yao ya TsAGI iliyofanya majaribio mengi ya mabawa ya kulala. Wamarekani wakatoa F-86 Sabre, ikaruka mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1947. Ndege ya majaribio ya Mikoyan na Mikhail Gurevich, ile I-310, ikaruka tarehe 30 Desemba 1947 na rubani Viktor Yuganov. Miezi mitatu tu katikati. Zote digrii 35. Watu wawili wasioongea, kila mmoja kafungiwa kwake, wanatoka na namba ileile.

Kuna wanaosema MiG-15 ni kopi ya Ta 183 ya Kurt Tank ambayo Wajerumani hawakuwahi kuimaliza. Mimi sikubaliani. Kwa mbali zinafanana, mdomo wazi na mabawa ya kulala, lakini mkia ni tofauti kabisa, na ile Ta 183 ilichorwa kwa injini nyembamba ya namna nyingine. Ukishachonga mbavu kwa mkono wako unaona bodi nzima ya MiG imezaliwa kutokana na Nene.

Leo nimekata bawa la kulia. Tumekata watu wawili kwa waya wa moto, templeti ya plaiwudi kila mwisho, mpwa wangu anashika upande wa ncha na mimi upande wa shina, tunahesabu kwa sauti moja mbili tatu ili waya uende sawa. Limetoka safi.

Jumapili, 2 Februari

La kushoto. Betri ilikuwa imepungua, waya ulipoa katikati ukakwama kidogo, tukausukuma. Nimepiga msasa, nadhani limekaa.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki mbili sijagusa, kazi zilinibana. Leo nimefanya vitu vidogovidogo ambavyo ndivyo vinanipa raha.

Mizinga kwanza. Hii ndege iliundwa kuangusha ndege kubwa za mabomu kama B-29, siyo kucheza na ndege ndogo, ndiyo maana ikapewa mzinga mmoja wa milimita 37 wenye risasi 40 tu, na miwili ya milimita 23 yenye risasi 80 kila mmoja. Risasi chache lakini moja ikikupata ya 37 umekwisha. Ubaya wake inafyatua taratibu, na risasi za aina mbili haziruki mstari mmoja, kwahiyo kumpiga Sabre anayekata kona ilikuwa kazi ngumu. Sabre yeye alikuwa na bunduki 6 za inchi nusu, ndogo lakini zinamwaga.

Kinachonifurahisha ni jinsi mizinga ilivyofungwa. Yote mitatu iko kwenye trei moja chini ya pua, na trei inashushwa kwa kamba za chuma na winchi ya mkono mpaka inafika usawa wa fundi. Fundi hapandi ngazi wala haingizi mikono kwenye matobo. Anashusha, anasafisha, anajaza, anapandisha. Trei yangu nimeitengeneza kwa kopo la soda na uzi wa kushonea, na inashuka kweli. Mpwa wangu kaishusha na kuipandisha mpaka nimemwambia, "Baba, acha, uzi utakatika."

Halafu kokpiti. Nimepaka dashibodi nyeusi na katikati yake nikachora mstari mweupe wima kwa brashi ya nywele chache sana. Akaniuliza, "Mjomba, huo mstari wa nini?" Nikamwambia huo ni wa kuokoa maisha. Ndege ikianza kuzunguka kama pia inaanguka, rubani anachanganyikiwa, hajui tena katikati ni wapi, basi analenga fimbo ya usukani kwenye huo mstari na kuisukuma mbele, angalau ana kitu cha kufuata. Kwenye ndege halisi mstari huo ulikuwepo kweli. Akanyamaza, halafu akauliza kama wote walikuwa wanafanikiwa. Nikamwambia hapana, siyo wote.

Na kwenye mabawa nimechomeka sindano mbili fupi na moja kwenye pua. Kwenye ndege halisi ni vijiti vinavyochomoza nje magurudumu yakishuka, rubani akivitazama kwa macho anajua miguu iko chini hata taa zikigoma.

Jumapili, 23 Februari

Mrusho wa kwanza. Nimeongeza nati za chuma kwenye pua mpaka ikakaa sawa nilipoinyanyua kwa vidole viwili chini ya mabawa, maana mabawa yakilala nyuma na mkia ukiwa mzito vile, bila uzito mbele inakaa matako. Tukafunga mipira kwenye mambo za chuma, tukavuta, tukaachia.

Ilitoka vizuri sana kama sekunde moja. Halafu bawa la kushoto likalala, likaendelea kulala, ndege ikazama kushoto na kujipigiza kwenye nyasi karibu na goli. Mara ya pili hivyohivyo, tena kadri tulivyovuta mipira zaidi ndivyo ilivyolala haraka zaidi. Tukivuta kidogo inakwenda karibu imenyooka. Mkia ulichomoka kwenye vijiti vyake bila kuvunjika, angalau hilo lilifanya kazi.

"Mjomba, bawa la kushoto limelala," ananiambia, kama vile mimi sijaona, lakini alikuwa na huzuni kweli na mimi pia.

Usiku

Siwezi kulala bila kuandika hili. Hiki kilichonipata leo kiliwapata wao pia!

MiG-15 za mwanzo zilipofika kasi kubwa zilikuwa zinalala upande mmoja zenyewe, rubani anasukuma fimbo upande wa pili kwa nguvu zote na ndege bado inalala. Warusi wana jina lake kabisa, valyozhka. Chanzo ni kwamba bawa la kushoto na la kulia hayakuwa sawasawa, tofauti ndogo tu ya kiwandani, ya umbo na ya ugumu. Kasi ikiwa ndogo tofauti haionekani. Kasi ikipanda, nguvu ya hewa inapanda kwa mraba wake, ukizidisha mwendo mara mbili nguvu inakuwa mara nne, basi kile kitofauti kidogo kinakua na chenyewe mpaka kinamshinda rubani. Wakakaza mabawa na kubana vipimo viwandani, na kwa ndege zilizobaki na tatizo wakaweka vibati vidogo kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, wakavipinda kidogo juu au chini ndege moja moja mpaka kila moja inyooke.

Nimetoka kitandani nikaweka pima maji kwenye meza, nikalaza ndege, nikapima ukingo wa nyuma wa kila bawa. La kushoto liko juu kwa milimita 3 karibu na ncha. Ni pale waya ulipokwama siku ile ya tarehe 2, tulipousukuma.

Jumapili, 2 Machi

Nimefanya walichofanya wao. Kibati cha kopo la soda, sentimita 6 kwa moja, nimekigandisha ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto na kukipinda chini kidogo sana ili upande ule upate kunyanyuliwa zaidi. Ningeweza kuchonga bawa jipya, povu lipo, lakini nimeamua hapana. Hili ndilo tatizo halisi la ndege halisi na hii ndiyo dawa yake halisi, nataka ibaki nayo.

Pia nimemalizia zile kuta ndogo juu ya mabawa, mbili kila upande, plaiwudi niliyoipiga msasa mpaka inakaribia kuona mwanga. Kazi yake ni hii: kwenye bawa lililolala, hewa ya karibu na ngozi haiendi nyuma moja kwa moja, inatambaa kuelekea nchani. Ukipunguza mwendo, ncha ndizo zinaacha kunyanyua kwanza, na kwa kuwa ncha ziko nyuma, pua inanyanyuka yenyewe wakati ndiyo hutaki inyanyuke. Kuta zinaizuia hewa isitambae. Sabre wao walitumia vipande vya mbele ya bawa vinavyofunguka vyenyewe mwendo ukipungua, ni suluhisho zuri zaidi nadhani, ila lina vitu vingi vya kusogea. Kuta za MiG zinaonekana mara moja ukiitazama, huwezi kuichanganya na nyingine. Mdogo wake MiG-17 ana tatu kila bawa, na hiyo MiG-17 watu wa huku wanaijua zaidi, Uganda ilikuwa nazo na baadhi ziliharibiwa pale Entebbe Julai 1976 Waisraeli walipokuja kuchukua mateka wao.

Jumamosi, 8 Machi

Rangi. Mvua imeanza kunyesha kwahiyo nimepakia ndani na madirisha wazi. Fedha tupu, nyota za Korea Kaskazini, na namba nyekundu 2057 puani.

Nimeichagua 2057 kwa sababu ya No Kum-Sok. Vita ya Korea ndiyo iliyoitambulisha MiG-15 duniani, ndege hiyo ilionekana Novemba 1950 karibu na mto Yalu na wengi wa waliokuwa ndani yake walikuwa Wasovieti waliojificha, wamevaa sare za wengine na kuambiwa waongee Kikorea kwenye redio, jambo ambalo vita ikichanganya haliwezekani. Tarehe 23 Oktoba 1951 waliziumiza sana B-29 kwenye uwanja wa Namsi na baada ya hapo hizo ndege zikahamia kupiga usiku. Hicho ndicho hasa MiG-15 ilizaliwa kufanya na ilikifanya. Lakini mimi navutwa na huyu kijana wa miaka 21, Mkorea Kaskazini, ambaye tarehe 21 Septemba 1953, vita imeshasimamishwa, aliondoka na 2057 kutoka Sunan kule Kaskazini na dakika 17 baadaye akatua Kimpo kule Kusini, tena akatua upande usio sahihi wa njia huku Sabre inatua upande wa pili, wakapishana. Wamarekani walikuwa wametangaza dola 100,000 kwa atakayeleta MiG, yeye alisema hakuwa na habari nazo, alitaka kuondoka tu. Ndege wakaipeleka Okinawa, marubani wao Chuck Yeager na Tom Collins wakairusha kuijaribu. Sasa ipo kwenye makumbusho Dayton, Ohio. Mwenyewe alihamia Marekani akawa injinia, akafariki Desemba 2022.

Nimerudia ile 5 mara tatu, mkia wake ulikuwa unamwagika.

Jumapili, 9 Machi

Saa 12 na nusu asubuhi, hakuna upepo, nyasi zimelowa. Tumeanza na mipira nusu. Ikaenda ikiwa inavuta kulia kidogo, yaani kibati nilikipinda sana. Nikakirudisha kama unene wa karatasi mbili. Nusu tena, imenyooka. Robo tatu, imenyooka. Mpwa akanitazama, nikamwambia vuta yote.

Imetoka ikiwa ya fedha kabisa dhidi ya mlima, mabawa sawa, ikapanda kufikia labda urefu wa mnazi, ikatulia, pua ikashuka yenyewe taratibu na ikaelea uwanja mzima. Nimehesabu sekunde 9. Imetua kwa tumbo kupita goli la pili, ikateleza kwenye maji na kusimama, rangi ya chini imekwaruzika ila 2057 ipo nzima. Mtoto alikuwa ameshakimbia nusu ya uwanja kabla haijagusa chini.

Tumerusha mara 6 mpaka mvua ikaanza. Jumapili ijayo nataka kupima kama kuta za mabawa kweli zinasaidia, nitazibandua pande zote mbili na kurusha kwa mwendo mdogo nione pua inafanya nini.